Mama Ghala Anatuachia Hesabu za Memori Kadi

Ifikapo tarehe 30 Juni, Mama Ghala atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja katika kitengo cha uwekezaji cha mfuko wetu wa pensheni, na siku hiyohiyo atastaafu. Tumeombwa tuandike kwa furaha. Tutajitahidi, ila msomaji atuvumilie.

Alianza kama mchambuzi msaidizi, akapanda hadi mchambuzi mkuu wa hisa. Kampuni aliyoifuatilia kuliko zote ni ile inayotengeneza memori kadi za simu na kamera, ambayo mfuko una hisa zake tangu enzi ambazo kadi moja ilibeba picha chache tu. Kila taarifa yao ya robo mwaka ilipotoka, sisi tulikimbilia faida. Yeye aliuliza kwanza kadi ngapi zimelala ghalani bila mnunuzi. Ndipo jina likamganda.

Hakuridhika na karatasi. Alizunguka maduka ya simu akijifanya mteja, apate kujua kadi zinatoka au zimeshika vumbi, na kwa aibu ya kutoka mikono mitupu akawa ananunua mojamoja. Droo yake ilijaa. Mwenye duka mmoja, akidhani huyu mama ni mpiga video za harusi, alimuuliza angetoza kiasi gani kwa harusi ya binti yake, na Mama Ghala, badala ya kukana, akamwambia mwezi huo amebanwa. Mumewe hulalamika mpaka leo kwamba nyumbani hawana hata kamera.

Wengi tunaikumbuka siku mwenzetu tuliyemwita Mbio alipoona mauzo ya kampuni hiyo yameporomoka, akaandika tuuze hisa zote kabla ya chai. Alikuwa amelinganisha miezi ya mwanzo wa mwaka na ile ya mwisho, watu wanapopeana simu za zawadi. Mama Ghala hakumfokea. Alimvutia kiti, akamwonyesha robo kama hiyo ya mwaka uliotangulia. Kumbe ukilinganisha na hiyo, mauzo yalikuwa yamepanda. Mbio alikunywa chai yake, na hisa zikabaki.

Matokeo mapya yalitoka wiki iliyopita, yeye akiwa tayari kwenye likizo ya kustaafu. Faida ilikuwa nono, kamati ya uwekezaji ikatuuliza kama tuongeze hisa, na jibu lilitakiwa mchana huohuo. Uzee wa watu wengi ulikuwa mikononi mwetu, nasi tukagawanyika katikati. Tukampigia simu. Akauliza hali za watoto, akasikiliza swali letu mpaka mwisho.

“Amueni wenyewe, wanangu,” akasema. “Mimi huku nina bustani ya kumwagilia.” Akakata.

Tukarudi mezani. Faida ilikuwepo, lakini kadi nyingi zilikuwa zimepelekwa madukani kwa mkopo, fedha zenyewe hazijaingia. Tukaandika: tubaki na hisa tulizonazo, tusiongeze. Kamati ikapitisha bila swali hata moja. Ilikuwa haki yetu kushangilia, lakini hakuna aliyeshangilia. Tulikaa tukiangalia mlango, tukitamani aingie atukosoe.

Mama, ahsante kwa yote. Tunakutakia afya njema na asubuhi zisizo na haraka, wewe na mzee wetu hapo nyumbani. Tumeweza bila wewe, kama ulivyotaka. Hukutuambia tu kwamba kuweza kutauma namna hii.