Verlin Stamper na Bastola Iliyorudi Mpya

Ndugu, majirani, na nyote mliopanda kilima hiki kwenye matope ya leo, tunawashukuru kwa kuja. Mama ameniomba mimi, Twila, binti wa marehemu, niusome wasifu huu, na mchungaji amenipa dakika kumi. Nitasoma maisha ya baba yangu kama yalivyokuwa, pamoja na jambo moja ambalo alinikataza kulisema. Linahusu bastola ya kaka yangu Dorsey. Linahusu pia jina la baba kama fundi, jina ambalo limechekwa bondeni kwetu miaka kumi na mitano bila haki.

Marehemu Verlin Stamper alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 huko Peavine Fork, mashariki mwa Kentucky, mtoto wa nne kati ya saba wa Hobart Stamper, mchimba makaa ya mawe, na mkewe Nola. Alizaliwa jikoni, kwa sababu ndiko kulikokuwa na moto. Bibi alizoea kusimulia kwamba mtoto huyo hakulia, alikodoa macho tu akiitazama saa ya ukutani inavyokwenda. Hatukumwamini, lakini nani angembishia Bibi Nola?

Alisoma shule ya chumba kimoja ya Peavine, kisha sekondari mjini, akaacha mwaka 1962 baba yake alipoumia mgongo. Mwaka 1966 aliitwa jeshini. Hakuvuka bahari. Alikaa miaka miwili Georgia kwenye karakana ya silaha, chini ya sajenti mmoja mzee aliyemfundisha kutumia tupa taratibu mpaka chuma kikubali. Alirudi nyumbani mwaka 1968 akiwa na tupa sita zilizofungwa kwenye soksi, na hakuna aliyemuuliza alizitoa wapi.

Tarehe 6 Juni 1970 alimwoa Imogene Fugate, mama yetu. Siku ya kwanza kualikwa kwao kula maharage na mkate wa mahindi, aliona cherehani ya mama mkwe inakwama, akaifungua yote juu ya meza ya chakula. Wageni walikula wakiwa wamepakata sahani magotini. Babu Fugate akamwambia Mama, "Huyu mwanamume ama ana akili sana ama hana kabisa, lakini cherehani inakwenda." Walijaliwa watoto wawili: Dorsey mwaka 1972, nami mwaka 1975.

Mwaka 1971 alifungua karakana nyuma ya nyumba, akabaki humo miaka hamsini. Alikuwa na sharti moja ambalo hakumsamehe mtu: ukiingia na silaha, unaifungua na kutoa risasi kwanza, wewe unatazama, yeye anatazama, ndipo mnasalimiana. Mchungaji wetu wa zamani alisahau siku moja. Alisimamishwa mlangoni kwenye mvua mpaka akakumbuka.

Kazi yake kubwa ilikuwa bastola za silinda, zile zinazozungusha risasi tano au sita, na miaka ile alikuwa mtu wa bastola za ghali, wala hakuficha. Alizipenda zile za viwanda vyenye jina, ambazo kifyatulio chake ukikivuta kinateleza bila kukwaruza, skrubu zimekaa sawa na chuma, na silinda ikijifunga mbele ya mtutu haichezi hata kidogo. Zile za bei rahisi aliziita vibati. Mtu akija na kibati kilichoharibika, baba alimwonyesha anwani ya kiwanda ukutani, akamwambia anione mimi nimjazie fomu ya kuituma huko. Alikuwa na maringo, tusidanganyane.

Dorsey aliingia mgodini mwaka 1993, na kwa mshahara wake wa kwanza alinunua kibati. Alikuja nacho karakanani siku ya Jumamosi, watu wamejaa, na Burl Combs, rafiki wa baba tangu utotoni, amekaa kwenye kiti chake. Dorsey akafungua silinda kama alivyofundishwa, wote wakatazama, akaiweka mezani.

"Baba, nimenunua ya kwangu."

Baba akaigeuza mara mbili. "Umenunua nini, mwanangu? Hii ni bawaba ya mlango."

Watu wakaangua kicheko. Burl akasema, "Wee Verlin, mwache kijana. Si inapiga inapoelekezwa?"

"Leo inapiga. Tofauti huioni siku ya kununua, unaiona siku ya kuharibika. Na ikiharibika, Dorsey, usiniletee kwenye meza yangu."

Dorsey alicheka pamoja nao, lakini mimi niliyekuwa nikiandika kwenye daftari la wateja nilimwona masikio yamemwiva. Hakuileta tena. Silinda ilipoanza kulegea hakumwambia mtu. Aliiweka kwenye gari lake, akawa anaishika kwa mikono yenye vumbi la makaa, na kwa msumari akachora herufi zake mbili, D na S, kwenye mpini wa mbao.

Tarehe 9 Februari 1996, paa la mgodi lilimwangukia Dorsey. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Walituletea buti zake, ndoo yake ya chakula, na ile bastola. Baba aliiweka kwenye droo ya meza yake ya kazi. Mtu huyu hangeweza kuona vumbi kwenye chombo cha mwenzake bila kulifuta, lakini makaa yaliyokuwa kwenye mifereji ya zile skrubu hakuyagusa. Miaka kumi aliifungua droo hiyo kila asubuhi, akatazama, akaifunga, akaanza kazi. Mama alimkuta mara nyingi.

Mwaka 2006 alisema ataitengeneza. Kilichokuwa kimekwisha ni kichuma kidogo tu, kile kinachosukuma silinda izunguke. Angeweza kukichonga mwenyewe kwa tupa, lakini bastola hiyo aliogopa kuiharibu. Kiwanda kilichoiunda hakiwauzii mafundi vipuri. Kinataka utume bastola nzima, wanaitengeneza bure hata kama ina miaka thelathini, au wanakupa nyingine. Wateja wetu waliupenda mpango huo. Vile viwanda vya ghali kazi yao ilikuwa safi zaidi, lakini kimoja kilikaa na bastola ya Burl wiki kumi na moja, kikairudisha vile vile pamoja na barua ndefu ya kumlaumu Burl. Kwa hiyo baba alikiamini kile kiwanda cha vibati. Aliniambia, "Twila, waandikie waitengeneze."

Mimi ndiye niliyekuwa najaza fomu zote za karakana. Fomu ya kiwanda kile ilikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza kinasema: ikishindikana, nirudishieni hii hii. Cha pili kinasema: ikishindikana, nileteeni mpya. Nilishajaza fomu hizo mamia, na kila mara niliweka alama kwenye cha pili, maana mwenye kibati gani atakataa kupewa kipya? Siku hiyo simu ilikuwa inalia, mteja yuko mlangoni, na mkono wangu ukaenda ulikozoea.

Baada ya wiki tano sanduku lilifika. Baba alilifungua mwenyewe. Ndani kulikuwa na bastola inayong'aa, yenye namba nyingine na mpini wa mpira mweusi, inanukia mafuta ya kiwandani. Aliigeuza akitafuta zile herufi. Aliigeuza tena. Kisha akapiga simu, nami nikamsikia mwanamke wa upande wa pili akimwambia kwa upole, "Pole sana, mzee. Zile kuukuu zikishafutwa kwenye daftari hukatwa na kuyeyushwa. Mbona fomu yako imeomba mpya?"

Baba akajibu, "Basi nimekosea mimi."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilijiambia nitamweleza jioni. Jioni hakula, nikasema kesho. Kesho ikawa miaka kumi na mitano.

Ninyi mnajua yaliyofuata, maana wengi wenu mlicheka. Fundi mkubwa, aliyezidharau bastola za rahisi, kashindwa kujaza fomu ya kibati cha mwanawe! Burl hapa alimtania kila Jumamosi: "Verlin, nina redio mbovu, nitumie kiwandani basi nipate mpya." Baba alitabasamu tu. "Cheka, Burl. Ni haki yako." Mimi nikainamisha kichwa kwenye daftari.

Lakini kuanzia hapo alibadilika, na hili nataka lijulikane pia. Aliing'oa ile anwani ya kiwanda ukutani. Mtu akileta silaha yoyote, ghali au rahisi, baada ya kuifungua na kusalimiana alimuuliza swali moja: "Ilikuwa ya nani?" Ikiwa ni ya marehemu, hakuituma popote. Alikaa na tupa zake akachonga vile vichuma ambavyo viwanda havikuuza, siku mbili, siku tatu, kwa bastola ambayo dukani ingepatikana mpya kwa bei ya matairi mawili. Kuna mjane mmoja kutoka ng'ambo ya mto, naona yuko hapa, aliyemletea kibati cha mumewe kilichoshika kutu. Alimwambia, "Najua haina thamani, mzee Stamper." Baba akamjibu, "Mama, kaa chini. Usiitukane mbele yangu."

Marehemu alianza kuugua moyo mwaka 2018. Miguu ilivimba, pumzi ikapungua, akawa anafanya kazi saa moja na kupumzika saa mbili. Mwezi Septemba mwaka huu wa 2021 madaktari walituambia tumrudishe nyumbani. Tulimtandikia kitanda sebuleni, dirisha likitazama karakana.

Jumanne ya tarehe 26 Oktoba, mchana, Mama alikuwa amekwenda kuchukua dawa. Nilikuwa namkata baba kucha. Nikamwambia.

"Baba, ile fomu ya bastola ya Dorsey niliijaza mimi. Niliweka alama pabaya. Si wewe uliyekosea."

Alivuta pumzi. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Nakala ilirudi ndani ya sanduku. Mwandiko wako siujui?"

"Tangu siku ile? Baba, mbona hukusema? Umekubali Burl akucheke miaka yote hii!"

"Burl hucheka hata mazishini, atacheka na kwangu." Akapumzika. "Dorsey nilimsema mbele ya watu, Twila. Hakuniletea tena kitu chochote. Sikutaka kukusema na wewe."

"Nilidhani ukijua utanichukia."

"Mimi nilidhani ukijua kwamba najua, utaondoka."

Tulilia, ndugu zangu. Nililia nimeshika mguu wake na mkasi wa kucha. Miaka kumi na mitano tulifanya kazi chumba kimoja, kila mtu akiomboleza peke yake, yeye kwenye meza yake na mimi kwenye daftari langu, kumbe tulikuwa tunalilia kitu kimoja. Tungeweza kulia pamoja. Siku nne tu ndizo tulizopata.

Akaniambia, "Usiwaambie watu. Bonde hili halisahau. Mimi nakwenda, waache wanicheke mimi. Wewe utabaki nao." Nikamwitikia, kwa sababu alikuwa anachoka.

Verlin Stamper alifariki dunia Jumamosi tarehe 30 Oktoba 2021, saa tatu asubuhi, mikononi mwa Mama, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Baba, nimevunja ahadi yangu. Wote walio hapa sasa wanajua kwamba hukukosea. Hukuwahi kujaza fomu vibaya, wala hukumpoteza Dorsey mara ya pili. Ni mimi. Wakitaka kucheka Jumamosi ijayo, karakana itakuwa wazi na mimi nitakuwepo. Burl, kiti chako kipo. Nakuona unalia, mzee wangu. Lia tu.

Marehemu ameacha mjane, Imogene; dada yake, Wavalene; wajukuu wawili, Kendra na Lyle; na mtoto mmoja, Twila, ambaye alimpenda na akamwogopa bure. Mwanawe Dorsey alimtangulia, na amelala hapa mkono wenu wa kushoto. Baba ndiye aliyechagua nafasi hii kando yake, mwaka ule ule wa 1996, akailipia siku hiyo hiyo, bila kumwambia mtu.

Mungu awalaze wote wawili kwa amani, na awape nafasi ya kuzungumza.