Saa ya Kupimia Mahubiri

Kwenye kosta ya Muleba, mbele yangu alikaa Boniface, mrithi wa marehemu mzee wetu wa kanisa. Mgeni mwenye miwani aliyekaa naye alikuwa haachi kuutazama mkono wa Boniface wenye saa.

“Waitu, ndugu yangu, mimi nakusanya saa za zamani za dhahabu, hizi zenye vitufe pembeni. Niuzie hiyo.”

“Haiuzwi. Nimeirithi pamoja na kiti cha baba kanisani.”

“Lakini saa si unaangalia kwenye simu?”

“Hii ni ya mahubiri. Mchungaji akianza, nabonyeza hapa, mshale unakimbia. Akiuona umezunguka sana, anasema amina.”

“Kumbe unamtisha mtumishi wa Mungu!”

“Simtishi, nanyoosha mkono tu. Wakati wa msiba wa baba ilikaa sandukuni, watu wakitoka ibadani wakawa wanakuta ndizi zimeungulia jikoni.”

Hilo ni kweli. Sufuria yangu kubwa ilitoboka.

“Nitakupa nyingine mpya, inang'aa kuliko hiyo.”

“Mpya mchungaji hataiogopa. Hii wanajuana.”

Kosta ikasimama Muleba. Boniface akashuka, mgeni nyuma yake, bado anambembeleza. Mimi neno la Mungu nalipenda sana, lakini niliinamisha kichwa palepale kwenye kiti, nikamwomba Bwana amtie kijana yule nguvu asiivue.