Mama Nukta na Anwani ya Ofisi ya Maji

Leo, tarehe 30 Juni, saa kumi na moja jioni, mwenzetu wa masijala anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Saa hiyo hiyo, kwa barua ya mkurugenzi, tovuti ya ofisi yetu ya maji imeamriwa ifungwe. Barua inatoa sababu moja tu: yeye akiondoka, hakuna mtumishi mwingine anayeijua kazi hiyo. Kwa la kwanza tunampongeza. La pili hatulikubali.

Aliingia akiwa karani wa faili, na mpaka leo ukimtajia mtaa wowote anakuonyesha droo yake bila kuinua kichwa. Tovuti ilipoanzishwa, miaka kumi na miwili iliyopita, kazi hiyo alitupiwa yeye kwa sababu hakuwepo kikaoni kuikataa. Alikuwa amempeleka mjukuu kliniki. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaanza kujifunza.

Jina lake la Mama Nukta lilitoka kwenye simu. Alikuwa akimsomea fundi wa mabango anwani ya tovuti, akitamka kila nukta kwa msisitizo. Fundi, mtu mtiifu, akaliandika neno lenyewe, NUKTA, mara mbili, kwa rangi ya bluu, kwenye bango la getini. Watu wakainakili vile vile kwenye simu zao, wakaambulia patupu, wakaja kunigombeza mimi mlinzi. Wakubwa walitaka bango ling'olewe siku ile ile. Mama Nukta akagoma. Alisema liachwe, na kila anayekuja kulalamika afundishwe papo hapo. Wiki tatu nzima alishuka getini kila saa nne asubuhi, akafundisha akiwa amesimama.

Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote nimekuwa nikifanya kazi ya mtandao. Mgeni hufika na jina, tuseme idara ya mita. Mimi natazama daftari langu na kumwambia chumba namba kumi na nne. Kompyuta nazo, alieleza, hujuana kwa namba. Majina ni kwa ajili yetu sisi tunaosahau. Ukiandika anwani, jina hupelekwa kwanza kwa mwenye daftari, naye hurudisha namba. Kisha simu yako hupiga hodi kwenye kompyuta yenye namba hiyo, iitwayo seva, ambayo haizimwi mchana wala usiku, na kuomba ukurasa. Maneno yanayofuata baada ya mstari wa mshazari yanataja droo: ratiba, au maombi ya mita mpya. Seva hutoa nakala, simu huipanga kwenye kioo. Ukikosea herufi moja ya jina, umebisha kwa jirani. Waliokuja wamefura waliondoka wakisomeana anwani.

Kwa nini tunaipigania? Kwa sababu ya ratiba ya mgao wa maji. Zamani akina mama walipanga foleni getini tangu alfajiri kuuliza mtaa wao utapata maji lini. Nawakumbuka, maana mimi ndiye niliyewaambia warudi kesho, na bado naona aibu. Siku hizi ratiba wanaisoma wakiwa jikoni kwao. Mkurugenzi anasema ubao wa matangazo unatosha. Ubao huo uko ndani ya geti, na geti jioni nalifunga mimi.

Barua ilipotoka, mwezi wa tatu, Mama Nukta hakumung'unya maneno. Alimwambia mkurugenzi uso kwa uso kwamba sababu hiyo ina dawa, akatoka kwenda kuitafuta. Kila mapumziko ya mchana alituketisha masijala: dereva, msoma mita, mhudumu wa chai na mimi. Siku moja dereva alifuta ukurasa mzima wa maombi, akaenda kujificha nyuma ya gari. Alifuatwa huko huko, akaambiwa asipoteze muda kuomba radhi, aurudishe tu. Akaurudisha. Mhudumu wa chai ndiye mwepesi kuliko sote, na haachi kutukumbusha.

Jana neno la siri la tovuti lilikabidhiwa masijala katika bahasha yenye muhuri, kama utaratibu unavyotaka, pamoja na majina manne ya wanaoiweza kazi. Leo asubuhi ratiba ya wiki ijayo nimeipandisha mwenyewe, kwa vidole viwili. Nilimwomba Mama Nukta asimame mlangoni tu, roho yangu itulie. Alikataa, akaenda kunywa chai. Mkurugenzi, sababu iliyo kwenye barua yako haipo tena. Kama unayo nyingine, iandike. Sisi wanne tutaijibu, na mitaa yote itasoma.

Mama Nukta, umetufundisha, umetufokea, umetuvumilia. Asante sana. Nenda kwa wajukuu wako, ulale mpaka uchoke kulala, na miaka iliyo mbele iwe mingi, yenye afya na raha. Saa kumi na moja tutakusindikiza sote kwa heshima zako zote. Tovuti hatuifungi.