Bi Mwiko Ang'atuka Jikoni

Ifikapo tarehe thelathini mwezi huu, mpishi mkuu wa jiko la kanisa letu linalolisha wenye njaa, ambaye sote tunamwita Bi Mwiko, atastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi.

Aliajiriwa kufagia ukumbi wa kanisa. Mpishi wa wakati huo alipougua, yeye akashika mwiko kwa muda, na mwiko ukamganda mkononi. Baada ya kuona majirani Waislamu wanakula maharage tu na kuacha nyama, alimfuata mchinjaji wa mtaa wa pili, Mwislamu, akamwomba awe anatuchinjia. Tangu hapo chungu kimekuwa cha wote.

Cheo hakikumbabaisha. Askofu mmoja mgeni alikabidhiwa kisu na vitunguu kabla hajajitambulisha. Alikagua jiko huku machozi yakimtoka, na ripoti yake ilikuwa nzuri ajabu.

Mwaka wa mafuriko, mfadhili wetu mkubwa alitaka waumini wa kanisa wale kwanza, wengine wasubiri masazo. Wazee wa kamati ya jiko waliinamia daftari la hesabu. Bi Mwiko, aliyekuwa ameleta chai, akaweka birika mezani.

“Samahanini wazee wangu,” alisema. “Njaa haijabatizwa. Mkikubali hilo, tafuteni mpishi mwingine.”

Kamati ikamuunga mkono, na mfadhili akaondoka na msaada wake.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Stoo ilikauka, uji ukawa mwepesi kama maji ya kunawa. Mumewe anasimulia kwamba mama huyu hakuwa akipata usingizi, akijiuliza kama ulimi wake umewanyima watoto wa watu chakula. Hata hivyo kila asubuhi aliwasha moto.

Ijumaa moja alasiri, mchinjaji alifika akisukuma mkokoteni wa unga. Nyuma yake walikuja wenzake wa msikitini na kuni, mafuta na mchele. Mke wa mchinjaji alipitiliza hadi jikoni, akakunja mikono ya gauni.

“Dada, nipishe nikoroge,” alisema. “Wewe kaa, umechoka.”

Bi Mwiko alikaa juu ya gunia, akalia kwa mara ya kwanza mbele yetu. Wawili hao wamepika pamoja tangu siku ile, wakigombana kuhusu chumvi tu. Mwezi ujao, mke wa mchinjaji ndiye atakayekuwa mpishi mkuu.

Bi Mwiko, ahsante kwa kutulisha na kutufunza. Sasa ni zamu yako kupakuliwa. Mungu akujalie afya, usingizi mnono na wajukuu wasiobakiza chakula.