Mizimu ya Darlene Imegoma

Benchi la nje ya duka la mashine za kufulia, hapa Ohio, lina wenyewe. Kushoto hukaa Boilo, aliyechochea tanuri la mvuke kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa; kulia Wakili, ambaye sheria anaijua kwa kushtakiwa. Alasiri ile ya mwisho wa Oktoba, katikati yao aliketi Verlin, sinia magotini, roho imesinyaa. Juu yake palikuwa na mizimu ya biskuti, ile isiyotaka oveni: unayeyusha chokoleti nyeupe, unachovya biskuti, unabandika macho mawili. Marehemu mkewe, Darlene, aliitengeneza kila mwaka, usiku wa sikukuu ya mizimu, kwa ajili ya watoto wanaobisha hodi wamevaa vinyago kuomba pipi. Huu ulikuwa mwaka wa kwanza bila yeye, na Verlin alikuwa ameapa kwamba watoto hawatakosa. Sasa chokoleti ilikuwa mabonge matupu.

— Mizimu yako imekula chumvi nyingi, alisema Boilo. Ona makunyanzi.

— Usinicheke, bwana. Nimesimama jikoni tangu asubuhi.

— Ulitia nini?

— Ilikuwa nzito, nikaongeza maji. Kijiko kimoja tu.

Wakili akajipiga paja.

— Maji! Ndiyo maana wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Sikuyamwaga. Niliyatia.

— Kosa ni lile lile, ila kifungu tofauti.

— Toka hapa na vifungu vyako, alisema Boilo. Huo ni mvuke. Mvuke una kinyongo, mimi naujua. Unapanda, unakuta mfuniko, unarudi chini umenuna.

— Basi na jiko nalo limenuna! alidakia Wakili. Miaka arobaini linaguswa na Darlene, leo linaona mkono wa mwanamume. Lazima ligome. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Au ni Darlene mwenyewe, alisema Boilo, kahawa mkononi. Leo si siku ya wafu kutembea? Kaja, kaona unavyokoroga, kaichafua makusudi.

Verlin alifunika sinia kwa kitambaa. Maneno yale yalimchoma.

— Angekuja, angenifundisha, alisema. Asingeniharibia.

— Nisamehe, ndugu yangu. Ulimi hauna mfupa.

Hapo akafika Renata, mpeleka barua mpya, akaegesha mkoba wake ukingoni mwa benchi.

— Habari zenu, wazee. Mmeficha nini humo?

— Mizimu, dada, alisema Verlin. Ya kuwagawia watoto wa Barabara ya Kiwanda. Jioni hii wanapita.

Renata alikunja uso.

— Hiyo barabara naipita kila siku, wiki ya tatu sasa. Hao watoto wanakaa nyumba ipi?

— Si kule kwa kina Hatcher? alisema Wakili.

— Walihama, alisema Boilo.

— Kwa yule mama wa mapacha.

— Mapacha wako jeshini, Wakili.

Wakili alitazama ndani ya kikombe chake. Verlin alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kusikia kengele ya mlango, akashindwa. Mwaka jana Darlene alikaa barazani peke yake na sinia mpaka giza likaingia, kisha akarudi ndani akasema watoto wamekuja wengi, wamemaliza mizimu yote. Verlin mwenyewe alikuwa akisikiliza mpira redioni, wala hakuinuka kwenda kutazama.

— Mwaka jana walikuja wengi, alimwambia Renata. Mke wangu ndiye aliyewaona.