Mwonjaji wa Ijumaa

LUCAS: Haloo, Bi Turkiya? Usikate, nakuomba. Mjinga wa Ijumaa nilikuwa mimi.

TURKIYA: Mimi nani? Wajinga wa Ijumaa walikuwa wengi, baba. Jitaje nikuweke kwenye fungu lako.

LUCAS: Lucas. Mwonjaji wako. Shikamoo.

TURKIYA: Marahaba. Ala! Kumbe u hai! Siku nne nakupigia, mpaka yule dada wa "simu unayopiga haipatikani" tumekuwa mashoga. Nusura nimwalike futari.

LUCAS: Simu ilikuwa haina chaji, mama.

TURKIYA: Siku nne? Na huko kwenu Makorora kila nyumba ina umeme? Haya. Uko wapi?

LUCAS: Ngamiani. Kwa Mzee Mutasim, uani. Nasugua masufuria ya... ya Ijumaa.

TURKIYA: Mpaka leo Jumanne?

LUCAS: Boko boko imeganda, mama, ngano na nyama zote zimeshika chini. Chumvi imefanya ukoko, nakwangua kama chokaa ukutani.

TURKIYA: Cheka tu. Cheka. Wageni sitini walikunywa pipa zima la maji kwa vijiko viwili viwili. Mzee Mutasim mwenyewe, adhana imetoka, tende moja, kahawa, kijiko cha kwanza cha boko boko... nilimwona macho yanavyomtoka. Nikadhani kapaliwa na mfupa.

LUCAS: Mkewe, Bi Azza, kanituma, mama.

TURKIYA: Ahaa. Sasa tumefika. Kakutuma nini?

LUCAS: Kasema uje leo baada ya alasiri. Wale wanawake wa Jumamosi watakuwepo wote. Uombe radhi mbele yao, yaishe. Ukiomba, masufuria ya Idi ni yako. Usipoomba, anapewa mpishi mwenzio Asmahani, na watu wa mtaa mzima watamfuata Asmahani.

TURKIYA: Mwambie Turkiya kasema— hapana, usimwambie. Maneno yenyewe yatanivunjia saumu. Lucas, miaka ishirini na mbili napikia watu. Nilianza na vitumbua barazani, mume kaniachia watoto watatu na kikaango kimoja, tena kimetoboka. Jina langu ndilo duka langu. Leo nikasimame niseme sijui kupima chumvi kama mwari wa juzi? Nani ataniita tena?

LUCAS: Ndiyo maana nimepiga, mama. Yeye kanituma hilo moja. Mimi nina langu.

TURKIYA: Sema.

LUCAS: Langu, mama, ni... langu ni la Ijumaa.

TURKIYA: Lucas, kama unasubiri nikubembeleze, mimi nimefunga, sina nguvu hizo.

LUCAS: Ijumaa ulipotia chumvi, ukanipa mwiko, ukasema "onja".

TURKIYA: Ukaonja. Ukasema "imekaa". Ukalamba na midomo.

LUCAS: Sikuonja.

TURKIYA: Nini?

LUCAS: Nililamba midomo mitupu. Mwiko niliugusisha kidevu tu.

TURKIYA: Subhanallah!

LUCAS: Ijumaa ya Kwaresma, mama! Nyama hatugusi. Na asubuhi yake Praxeda alinishika shati mlangoni: "Mwaka huu usinifanye mke wa mpagani. Hata ulimi wako usipite kwenye nyama." Nimwasi mke, nimwasi na Mungu, siku moja?

TURKIYA: Ukaona bora unidanganye mimi.

LUCAS: Nilifikiri wewe huwa hukosei.

TURKIYA: Hilo ndilo la kwanza la maana umelisema tangu upige. Lakini wee! Si ungefungua mdomo? Ningemwita Bertha wetu wa jikoni aonje. Bertha Mlutheri, Ijumaa yake haina ugomvi na nyama.

LUCAS: Ndiyo hapo. Ungemwita Bertha, angeonja mwezi mzima, mimi ningerudi kwenye kuchanja kuni. Mwaka wa kwanza huu umenipa mwiko. Nilishawatangazia hadi watu wa kwetu Ushongo kwamba mimi siku hizi ni mwonjaji.

TURKIYA: Watu wa Ushongo! (anacheka) Ee Mola, nisamehe, nacheka mchana wa saumu. Mwaka huu Kwaresma na Ramadhani zimeingia pamoja, mimi sionji kwa yangu, wewe huonji kwa yako. Sufuria ya watu sitini imepikwa na vipofu wawili. Na shehe alishaniambia ncha ya ulimi halafu natema, haina ubaya. Nafsi yangu ndiyo haikutaka.

LUCAS: Kwa hiyo kosa ni langu. Nimeshasema. Sasa njoo uombe radhi, mimi nitasimama pembeni—

TURKIYA: Tulia. Kutokuonja hakutii chumvi.

LUCAS: Mama?

TURKIYA: Wewe hukuonja, sawa. Ungeonja, ungegundua. Lakini chumvi haikutoka kwenye ulimi wako. Mimi chumvi naipima kwa kiganja, ulimi wako ulikuwa shahidi tu. Unajua siku hizi nne nimefanya nini?

LUCAS: Umelia?

TURKIYA: Nilie kwa boko boko? Nimeuliza. Nimekwenda kwa Mwinyijuma wa bucha, nikamwuliza kama nyama ile ilikuwa imekwisha kutiwa chumvi. Kaapa kwa mizani yake. Ngano nimeichemsha nyumbani, kiganja kile kile cha chumvi. Watoto wameila na kulamba sahani. Nikabaki na kitu kimoja. Bakuli.

LUCAS: Bakuli... lipi?

TURKIYA: Bakuli la maji ya chumvi. Chumvi ya mawe naiyeyusha, naichuja, natia kwa kumimina. Nilimimina nusu. Nusu nikaiacha jikoni, nikaenda kuswali alasiri. Kurudi, bakuli kavu. Nikasema paka kalipindua.

LUCAS: Paka wa hapa ni wasumbufu, kweli—

TURKIYA: Paka gani anapindua bakuli, halafu analisimamisha wima na kulifunika kawa?

LUCAS: Haloo? Haloo, mama? Mtandao— unakwaruza— 

TURKIYA: Nakusikia vizuri.

LUCAS: Mimi si— sikusi—

TURKIYA: Sawa. Tuongee hali ya hewa. Joto leo, eti?

LUCAS: Joto kali, mama.

TURKIYA: Mtandao umerudi. Ulikuwa umekwenda wapi? Lucas. Jumamosi Bi Azza alinisimamisha barazani kwake, wanawake arobaini wanatazama. Akasema: "Mpishi gani huyu, hata mwonjaji wake anaogopa kuonja!" Watu wakacheka. Mimi nikadhani kijembe. Siku tatu nakilalia kijembe hicho, kinanichoma. Leo wewe unaniambia kweli hukuonja.

LUCAS: Ndiyo.

TURKIYA: Mimi sikujua. Praxeda hakuwepo. Ulimwambia nani?

LUCAS: Sikumwambia mtu.

TURKIYA: Basi yeye alijuaje? Sufuria umeacha kuzisugua. Nasikia.

LUCAS: Mama, yeye ndiye kanipa kibarua hapa. Kuni, maji, bustani, vyote kwake. Ninaye Praxeda na mtoto anayeota meno.

TURKIYA: Sijakuuliza kibarua. Nimekuuliza alijuaje.

LUCAS: (kwa sauti ya chini) Alikuja jikoni ulipokuwa kwenye mswala.

TURKIYA: Enhe.

LUCAS: Akafunua sufuria. Akaniuliza, "Chumvi imekaa?" Nikasema, "Sijui, Bi Azza, mimi sijaonja, leo Ijumaa." Yeye sikuweza kumdanganya, macho yake yale.

TURKIYA: Mimi yangu ya kondoo. Enhe.

LUCAS: Akasema, "Huyu akifunga hupika chapwa." Akachukua bakuli, akamimina lote. Akakoroga mwenyewe, akasema hii ni boko boko ya marehemu mama yake, lazima na mkono wake upite. Kisha akaniambia, "Usimwambie Turkiya nimegusa sufuria yake, atanuna."

TURKIYA: Na wewe ukatii.

LUCAS: Nilidhani ni baraka, mama! Mwenye karamu katia mkono! Nitajuaje kama imekuwa bahari?

TURKIYA: Kwa kuonja, Lucas. Watu huwa wanajua kwa kuonja.

LUCAS: Nimekosa.

TURKIYA: Umekosa. Lakini umepiga simu. Wako waliokosa na simu zao zina chaji.

LUCAS: Sasa nisikilize, mama, salio langu linakaribia kuisha. Wewe unajua, mimi najua, inatosha. Njoo useme "nisameheni", kitu kidogo. Bi Azza ni mkubwa wa mtaa. Mkubwa haambiwi kakosea, anazungukwa. Utapata Idi yako, mimi kibarua changu—

TURKIYA: Nimezungukwa na maisha mpaka kizunguzungu kimeniisha. Nije niombe radhi kwa chumvi iliyomwagwa na mwingine? Hata kwa Idi kumi! Nakuja, ndiyo. Nakuja na ngano, na nyama, na mwiko wangu begani. Nitapika pale pale uani, na wewe utaonja mbele yao wote. Leo Jumanne, Praxeda hana neno. Halafu utasema uliyoniambia.

LUCAS: Mimi? Mbele ya— Mama, niko uani kwake! Nikisema nita— Wee...

TURKIYA: Lucas?

LUCAS: Bi Azza. Shikamoo. Mimi nilikuwa na—

AZZA: Lete simu.

LUCAS: Ina mafuta, Bi Azza, na povu la—

AZZA: Lete. (anachukua simu) Turkiya.

TURKIYA: Bi Azza. Saumu inakwendaje?

AZZA: Usinifanyie mzaha. Nimesimama dirishani tangu "paka". Simu ya huyu inapiga makelele kama redio ya kinyozi.

TURKIYA: Basi umenipunguzia kazi ya kurudia.

AZZA: Mimi nilitaka kusaidia. Mama alikuwa akitia chumvi ya kutosha, watu wakisifu mpaka Pangani. Nilimkumbuka tu, Turkiya. Mkono ukamimina.

TURKIYA: Hilo silikatai, na mama yako Mungu amrehemu. Mkono wa mtu yeyote huteleza. Ungeniambia pale pale, ningeongeza ngano na maji, tungecheka, wageni wasingejua. Ulinyamaza. Hata hilo ningekusamehe. Lakini Jumamosi hukunyamaza.

AZZA: Nilikuwa na aibu. Mzee alikuwa kanuna.

TURKIYA: Ukanivua nguo mimi ukajifunika wewe.

AZZA: Basi tusikuze neno. Idi ni yako, yote, na harusi ya mwanangu ya mfunguo tatu, mwezi wa Hija, ni yako. Asmahani nitajua la kumwambia. Na huyu Lucas simfukuzi, naapa. Wewe njoo tu, sema "nisameheni", jambo life.

TURKIYA: Lucas asifukuzwe, hilo nimelichukua, na nimekushuhudia unaapa na saumu mdomoni. Mengine yabaki kwako. Idi ya kuhongwa sipiki. Baada ya alasiri nakuja na mwiko wangu, na atakayesema ni wewe, kwa kinywa kile kile cha Jumamosi.

AZZA: Mbele ya wote wale?

TURKIYA: Wale wale. Hata mmoja asipungue.

AZZA: Turkiya, mkwe wangu mtarajiwa atakuwepo! Mimi mtu mzima, nisimame niseme nilimwaga chumvi nikamsingizia mpishi? Uso wangu nitauweka wapi?

TURKIYA: Pale pale ulipouweka wangu, Bi Azza.