Lundo la Mama Mkubwa

Nimesimama. Naona mabenchi ya nyuma mmeshaanza kucheka na mimi sijasema kitu. Wapendwa, leo sikuja kuigiza sauti ya mwalimu wa kwaya. Mwalimu, samahani. Nimekuja kusema jinsi mdomo wangu huu ulivyoniangusha, na jinsi Mungu na akina mama wa jineri walivyoniokota.

Nasoma kidato cha pili Musoma, likizo nakaaga kwa mama mkubwa hapa Guta. Likizo iliyopita alifika jineri ya Bunda, kwenye kiwanda cha pamba, bwana mmoja mtafiti, kutoka chuo huko Dar es Salaam. Anachunguza watu wanavyofanya kazi: nani anaharakisha, nani anazembea, msimamizi akitoka inakuwaje. Akina mama wanaochambua pamba, safi huku, fifi yenye uchafu huku, wengi wanajieleza vizuri zaidi kwa kilugha. Nikaitwa nitafsiri. Jamani, nilivyojiona! Nikachomeka kalamu mbili, kila sikio na yake.

Siku ya kwanza nilitafsiri kwa uaminifu. Ya pili nikachoka. Mama akiulizwa kazi anaionaje, "Nzuri." Msimamizi je? "Mzuri." Na mwenzako? "Mzuri." Ndugu zangu, nawaambia ukweli, hata ugali mtupu una ladha kuliko yale majibu. Nikaanza kuongeza mboga. Mama akisema "mzuri," mimi namwambia mtafiti pembeni, "Anasema msimamizi akitoka tu, wanatawanyika kama kuku waliofunguliwa." Mtafiti anaandika, anafurahi. Na mimi nafurahi.

Sasa, mama mkubwa naye anachambua pamba pale pale, alikaa wa nne kutoka mlangoni. Wiki hizo nyumbani alikuwa ameacha kumenya mihogo. "Menya wewe, mwanangu." Kufunga khanga, ananiita. Nikajisemea, huyu naye amepata mtumishi. Basi mtafiti aliponiuliza, "Yule mama mbona anafumba macho?" nikajibu hata bila kumuuliza mwenyewe:

"Yule? Analalaga wima, kama punda wa mnadani."

Akacheka. Akaandika.

Ijumaa mtafiti alimsomea msimamizi aliyoyaandika. Jioni mama mkubwa akarudi na khanga yake ya kazi kwapani.

"Wameniambia nikae nyumbani. Jumatatu kamati ya wafanyakazi itaamua kama bado nafaa."

"Kwa nini?"

"Eti nalalaga."

Hakupandisha sauti. Akaketi, akajaribu kuvua kiatu, ikashindikana. Nikainama nimvue, ndipo nikaiona mikono yake. Viungo vimevimba, vidole havikunjiki.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mvua zianze. Yakizidi maumivu nafumba macho kidogo. Usimwambie mtu. Wale wawili nilio katikati yao wananichambulia lundo langu, na kanuni inasema kila mtu na lundo lake. Wakijulikana, wataondolewa na wao."

Hapo sasa. Nikisema nilidanganya, nitaulizwa anafumbia nini macho. Nikinyamaza, mama mkubwa anapoteza kazi kwa mzaha wangu. Usiku ule sikula. Mimi, ninayelambaga sufuria.

Jumapili, tukitoka hapa hapa ibadani, nikamwambia mama mkubwa punda yule nilimtunga mimi. Tukatembea mpaka mlangoni kwetu. Kisha akasema, "Kesho utaenda kusema mwenyewe. Nitakusindikiza."

Kamati imekaa, msimamizi, karani, mtafiti na akina mama wote. Nikasimama mbele yao. Nikasema, "Nilidanganya. Mama mkubwa halali kazini. Na yale ya kuku pia, nilitunga."

Mtafiti akaweka kalamu chini. "Basi kwa nini anafumba macho?"

Nikamtazama mama mkubwa. Kwa mara ya kwanza maishani, nilikuwa na jibu na nikalimeza.

Mama wa kulia kwake akainuka. "Vidole vinamuuma. Lundo lake nachambua mimi."

"Na mimi," akasema wa kushoto. "Nilipojifungua mwaka jana, la kwangu alichambua yeye."

Msimamizi akakohoa. "Lakini kanuni, ndugu zangu..."

"Ndugu msimamizi," akasema mama wa kulia, taratibu, "mwezi ule ulipoumwa, daftari la mahudhurio alikuwa anakujazia nani?"

Karani akaanza kuangalia paa. Watu wakacheka, msimamizi mwenyewe akacheka.

Mtafiti akafuta ukurasa wake wote. "Wiki mbili nimepima mikono yenu," akasema, "na hili sikuliona. Mnaniruhusu niliandike?"

"Andika," wakasema. "Lakini majina usiweke."

Ndiyo maana na mimi leo sijayataja.

Kamati ikamrudisha. Sasa anakagua pamba safi kama kuna fifi iliyojipenyeza, kazi ya macho, vidole vinapumzika. Ndiyo, yule yule niliyesema analala.

Nawashukuru mama wa kulia na mama wa kushoto, nawaona mnajificha nyuma ya vitabu vya nyimbo. Nilisamehewa kabla sijaomba vizuri. Na vijana wenzangu, sisemi tuache utani, mimi mwenyewe sitaweza. Nasema hivi: kabla hujamcheka mtu anavyofanya kazi, msogelee, utazame mikono yake.

Mama mkubwa, usiharakishe kurudi. Kaa uongee na wenzako. Mihogo ya leo nimeshamenya.